Wakwe Wawili Katika Walzi Moja

Walimu wawili walioachiwa ukumbi wangu, Sharon na Kevin, wameniomba niwaandikie mbinu. Waliniomba kwa simu, kwa sauti ya watu wanaodhani mbinu zimefungiwa kabatini na mimi nimeondoka na ufunguo. Nimestaafu kufundisha dansi za ukumbini hapa Kakamega, ufunguo niliuacha msumarini, na kabatini mna spika mbovu na viatu vya watu waliohama mji. Nitakachoweza ni kuwaandikia jinsi kazi ilivyokuwa, tangu mwanzo, nanyi mtachagua la kuchukua.

Vyeo sitavitaja kwa sababu kilikuwepo kimoja tu, mwalimu. Mshahara nao hautoshi kujaza sentensi. Tuanze na ufagio, kwa sababu mimi sikuajiriwa kucheza, niliajiriwa kufagia. Ukumbi ule ulikuwa wa kila mtu: Jumapili ibada, siku za wiki mikutano ya vyama na mafunzo ya wakulima, na Jumamosi mchana dansi. Mwalimu wa dansi alikuwa Mzee Zakaria, mtu wa Musanda, aliyewahi kuwa mhudumu katika hoteli kubwa na kujifunza walzi, rumba, chacha na tango kwa kuwatazama wageni huku amebeba trei. Mpaka uzeeni alicheza hivyo hivyo, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu, na uso wa mtu anayekuuliza kama utapenda supu kwanza. Wanafunzi wake walikuwa makarani, wauguzi, walimu na wafanyabiashara waliotaka kitu cha kujiburudisha mbali na kazi.

Jumamosi moja mwanamume fulani hakuja, dada mmoja akabaki amesimama bila mwenza. Mzee Zakaria akanigeukia.

"Wewe, weka ufagio. Kuja usimame hapa uwe mwanaume."

"Mimi, Mwalimu? Mimi si ni mwanamke?"

"Hiyo tutaiangalia baadaye."

Haijaangaliwa mpaka leo. Tangu siku hiyo nimecheza upande wa wanaume, kwa sababu wanaume wa mji huu ni wepesi wa kuahidi na wazito wa kufika. Mume wangu, Baba Nelly, ndiye aliyeumia. Kwenye harusi nikimshika mkono namwongoza bila kujua, na yeye husema kucheza nami ni sawa na kukamatwa na polisi. Mchezo anaoupenda ni fahali wanaopigana kule kwetu Malinya, ambao anasema angalau hawamwambii anyooshe mgongo. Tumeishi vizuri hata hivyo, kila mtu na mchezo wake.

Siku hiyo ya kwanza tatizo langu halikuwa miguu. Lilikuwa mabega. Nilizaliwa Malinya, na kwetu ngoma ya isukuti ikilia, mabega huondoka kabla mwenyewe hajaamua. Walzi haitaki hivyo. Walzi inataka mabega yatulie huku miguu ikifanya kazi chini kwa chini. Mzee Zakaria aliupitisha mpini wa ufagio nyuma ya mgongo wangu, akaufunga kwenye viwiko, akaniamuru nitembee kutoka mlangoni mpaka jukwaani na kurudi, na wanafunzi wake wote wakinitazama.

"Mabega yako yanaongeanga kikwenu," aliniambia. "Hapa yanyamaze, miguu iongee."

Kila mwanafunzi mtakayempata hapa atakuja na mabega hayo, nami nawaomba msimgombeze. Mtoto wa watu hajakosea, amekuja tu na alichonacho. Nilikuwa nawapigia isukuti kidogo kabla ya somo, mabega yaseme yote yaliyokusanya tangu Jumatatu, wacheke, watoe jasho, kisha ndipo tuanze walzi. Mabega yaliyokwisha kusema hutulia yenyewe, na somo huenda kwa amani.

Sasa vifaa. Sakafu yetu ni ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, na asubuhi ya Jumamosi unaikwangulia mshumaa kidogo ili miguu iteleze. Nimesema kidogo. Kevin, nimesikia habari ya Jumamosi iliyopita, na namtakia karani yule apone haraka. Viatu vya soli ya mpira havifai kwa sababu vinang'ang'ania sakafu na goti ndilo linalolipia. Mpelekeni mwanafunzi kwa fundi wa viatu yeyote sokoni, amwekee soli ya ngozi laini kutoka kwa mkoba mkuukuu. Gambuti zibaki mlangoni, na matope yake.

Halafu kuna mvua. Ninyi mmenunua spika mpya, kubwa kama meza, na mnaisifu sana. Mvua ya hapa ikishuka saa tisa juu ya mabati yale, na mawe yake ndani, spika hiyo itabaki kuwaka taa tu. Mzee Zakaria alikuwa na redio ndogo ya kaseti, na kwa sababu ya mvua alitufundisha kuhesabu kwa mdomo, ukumbi mzima, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mpaka mvua ipite. Kuna mpita njia aliwahi kujikinga barazani kwetu akauliza hili ni kanisa gani, maana alipenda maombi yake. Mwanafunzi anayehesabu kwa mdomo hujifunza upesi kuliko yule anayengoja muziki umsukume, basi mvua ikinyesha msilalamike.

Neno lililonisumbua zaidi kazini ni hatua. Kiswahili kinasema mtu anayeendelea vizuri amepiga hatua, na wanafunzi wetu huja wakaipiga kweli kweli, sakafu ikatetemeka. Mzee Zakaria alikuwa akifumba macho kwa uchungu. "Unaipiganga, imekukosea nini? Iweke." Na bado kila Jumamosi mtu aliniuliza, "Mwalimu, nimepiga hatua?" Nami nilikuwa najibu, "Umepiga nyingi, sasa tupunguze."

Maendeleo ya dansi ni ya polepole, na anayeifanya kwa kujiburudisha ana haki ya kuambiwa hivyo mapema. Nilikuwa na karani mmoja aliyejua majina ya mizunguko yote ya tango kutoka kwenye simu yake, lakini ukimwambia atembee mbele tu, alisimama kufikiri. Sharon, wewe unapenda kuwapa kitu kipya kila wiki kwa sababu wanakupigia makofi. Watapiga makofi, na mwezi utakapokwisha watakuwa wanajua mwanzo wa vitu vingi. Wape kitu kimoja, wakae nacho mpaka kiwachoshe, na wakae nacho tena mpaka kiache kuwachosha. Waambie wajizoeze kidogo kila siku nyumbani. Nilikuwa na wanafunzi waliofanyia mazoezi jikoni wakisonga obusuma, ugali wetu: mkono na mwiko unazunguka sufuriani, mguu unarudi nyuma, unaenda kando, unafunga. Hao waliendelea. Waliongoja Jumamosi walianza upya kila Jumamosi, na mimi nikaanza upya pamoja nao.

Kuna kipindi pia ambapo mwanafunzi ataona anarudi nyuma. Atakuja na uso mrefu aseme mwezi uliopita alicheza vizuri kuliko sasa. Si kweli. Sikio lake ndilo limetangulia miguu, linasikia makosa ambayo zamani halikuyasikia. Mwambieni hivyo, mpeni chai, na Jumamosi ijayo atarudi. Mkitaka kujua kama mtu ameendelea, msiangalie mizunguko anayoijua. Angalieni kama ameacha kuomba msamaha kila mara, na kama anaweza kukusimulia habari za miwa yake huku anageuka.

Mzee Zakaria alipoacha kazi aliniachia redio, ufagio na sheria moja. Sheria yenyewe mnaijua: wanawake wanasimama kwenye duara, na mwalimu akipiga kofi kila mwanamume anasogea kwa mwanamke anayefuata. Ukimwacha mtu na mwenza mmoja tu, atajifunza makosa ya huyo mmoja na kuyaita dansi. Kila mtu acheze na kila mtu. Niliishika sheria hiyo bila kuipinda, mpaka alipokuja Mama Rispa.

Mama Rispa alikuwa mjane kutoka Ekero, mkulima wa miwa, na kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Alikuja Jumamosi moja na mkoba wake, akakaa kwenye kiti cha nyuma mpaka somo likaisha, kisha akaniita.

"Mwarimu, daktari ameniambia nitembee. Nimetembea peke yangu mpaka nikachoka. Hapa naona watu wanatembea wawili wawili."

Nikamwambia karibu. Hakuwa na haraka na hakuwa na wepesi, lakini kila nilichompa alikwenda nacho Ekero na wiki iliyofuata akarudi nacho kimepigwa pasi. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakosi, hata siku za kuvuna. Akanijibu bila kunitazama, akifunga kamba ya kiatu, "Mahali pengine pote mimi ni mjane. Hapa mimi ni mtu tu anayekosea mguu wa kushoto." Sijasikia mtu mwingine akieleza kazi yetu vizuri hivyo, na neno hilo lilinishika moyo.

Ujio wake ulibadilisha darasa. Kabla yake, wake za watu walikuja kwa kujificha au hawakuja kabisa, kwa sababu waume hawakupenda kusikia kuhusu mkono wa mwanamume mwingine mgongoni. Lakini ikiwa Mama Rispa anashikwa mchana kweupe na Jumapili bado anaongoza maombi, mume gani angethubutu kusema dansi ni ya wahuni? Wanawake walikuja wawili, kisha wanne, kisha duara likajaa mpaka tukasogeza viti nje. Nilijua vizuri kwamba duara lile limesimama kwa jina la mama mmoja.

Ndipo akaja Wycliffe. Alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mrefu, shati ndani ya suruali, mwenye adabu ya kupita kiasi. Nilimfundisha kushika, nikamweka kwenye duara, nikapiga kofi. Akasogea. Nikapiga tena, akasogea. Kofi la tatu likamfikisha mbele ya Mama Rispa. Aliinua mikono kama nilivyomfundisha, akamtazama aliye mbele yake, akaishusha kama aliyeshika chuma cha moto, akageuka kuutazama ukuta. Mama Rispa alikuwa amekwisha kujifunika uso kwa kitambaa cha kichwa na alikuwa njiani kwenda chumba cha stoo. Darasa likadhani ni mzunguko mpya. Wanaume wawili waliokuwa nyuma ya Wycliffe waligeuka nao wakautazama ukuta, na mmoja akaniuliza mkono unakaa wapi sasa.

Nilimfuata Mama Rispa stoo.

"Mama, ni nini?"

"Mwarimu, huyo ni mkwe wangu. Huyo ndiye ameoa Mmbone wangu."

"Hukujua anakuja?"

"Ningejuaje? Mmbone aliniambia leo mume wake anaenda kuangalia mpira."

"Na wewe huwa unamwambia Mmbone unaenda wapi?"

"Maombi," akasema.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Mama mkwe haguswi. Mwanamume hampi mkono mama wa mke wake, hamtazami machoni, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini kumpisha mwenzake. Haya hiyo tunaiita tsisoni, na msidhani ni chuki, ni heshima, tena kubwa. Nyumba nyingine zimeilegeza. Nyumba ya Mama Rispa haikuwa imelegeza chochote. Na walzi, kama mjuavyo, inataka kiganja cha mwanamume kikae chini ya bega la mwanamke, mgongoni, kwa muda wote wa muziki.

"Basi mimi nimemaliza," Mama Rispa akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Siwezi kumfukuza mkwe mahali. Binti yangu ataniuliza."

Nikatoka nje. Wycliffe alikuwa amesimama barazani, mvua inamrushia matone kwenye shati.

"Mwalimu, mwambie mama akae. Mimi naenda. Siwezi kumtoa mama mahali amezoea."

"Na ukienda, yeye si atakuwa amekufukuza?"

"Na nikikaa, si nitakuwa nimemfukuza yeye?"

Wote wawili walikuwa tayari kuondoka, kila mmoja kwa kumheshimu mwenzake, na heshima hiyo ingenivunjia darasa kabla ya saa kumi na moja. Kumhamishia mmoja siku nyingine haikuwezekana, ukumbi tulipewa Jumamosi tu. Mama Rispa akiondoka, wale wake za watu wangeondoka naye. Nilijaribu kufikiria wanawake ambao wangebaki kwenye duara, nikajikuta nimebaki mimi, na mimi ni mwanamume. Lakini zaidi ya darasa niliwaza yule mama stoo, ambaye angerudi Ekero kuwa mjane siku zote saba za wiki. Hilo sikuweza kulikubali.

Nikaenda baina ya stoo na baraza nikiwaambia wote wawili neno lile lile: wakae, hawatakutana. Mama Rispa akauliza hawatakutana vipi kwenye duara. Nikasema aniachie mimi. Nilikuwa sijui bado, lakini walimu wenzangu, mara nyingine sema kwanza, akili itafuata ikiwa inahema.

Suluhisho lilikuwa limeegemea mlango wa stoo. Duara lilipomfikisha Wycliffe kwa Mama Rispa, mimi niliingia katikati nikacheza na mama, na Wycliffe nikampa ufagio. Aliupokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaushika kama nilivyomfundisha kumshika mwenza, akacheza nao mpaka kofi lililofuata. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Jumamosi iliyofuata tukafanya hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine, mpaka ikawa ndiyo desturi ya ukumbi na hakuna aliyegeuza shingo tena.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba wote wawili walianza kuwaacha wengine nyuma. Ufagio hauna uzito wa kuegemea wala hauvumilii, ukiyumba unaona fimbo inayumba, na hakuna wa kumlaumu. Wycliffe alijifunza kusimama wima zaidi kutoka kwa fimbo ile kuliko kutoka kwangu. Mama Rispa naye alipata mwalimu wake mwenyewe kila mzunguko. Wanafunzi wengine waliona, wakaanza kununa, na mwanamume mmoja wa duka la vipuri akaniuliza kama yeye pia anaweza kutafutiwa mkwe.

Kisha yakaanza maneno. Mama Rispa hakuwahi kumtazama mkwe wake, lakini masikio hayakufungwa na mila yoyote. Nikiwa nacheza naye, na Wycliffe yuko hapo hapo na ufagio, alikuwa ananiambia, "Mwarimu, mwambie mkwe wangu kisigino cha kushoto kinaburutanga."

"Wycliffe, kisigino cha kushoto."

"Mwambie mama asante, nimesikia."

"Anasema asante, amesikia."

"Mwambie pia asikaze mkono. Ufagio hauna pa kutorokea."

Nilikuwa nabeba maneno umbali wa mkono mmoja, kwenda na kurudi, nami nikihesabu moja mbili tatu katikati. Wycliffe naye alisikia. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, mwambie mama apumzike kidogo, leo anahesabu kwa kuvuta." Ilikuwa kweli, goti lilikuwa linamsumbua na mimi niliyemshika sikuwa nimelijua. Walijuana hatua zao wale wawili, kuliko watu wengi waliooana waliokuja kwangu wameshikana mikono.

Na kuna shingo. Mnajua taabu ya shingo. Katika walzi kila mtu hutazama juu ya bega la mwenzake, kushoto kwake, hakuna anayemkazia mwenza macho. Watu wa hapa hutazama miguu au hutazamana na kupiga soga, na nilikuwa nimeimba wimbo wa shingo kazi yangu yote bila mafanikio. Siku moja nikamwona Mama Rispa anavyopita karibu na mkwe wake: kichwa juu, uso umegeuka kidogo, macho dirishani, hakuna hata kope inayoteleza. Ilikuwa shingo ile ile ambayo Mzee Zakaria alitaka kwetu hadi akachoka. Nikasimamisha muziki.

"Kila mtu," nikasema, "acheze kama amemshika mama mkwe wake."

Shingo zote ukumbini zikanyooka kwa mara moja. Tangu siku hiyo nilikuwa napaza sauti neno moja tu, "Mkwe!", na wote wanakaa sawa. Mama Rispa alicheka mpaka akatafuta kiti. Nasikia Kevin hulisema kwa Kiingereza. Halifanyi kazi kwa Kiingereza.

Hivyo ndivyo tulivyokaa. Lakini nilipotangaza kwamba nastaafu, Mama Rispa hakupiga makofi na wengine. Alinifuata stoo, tukasimama mahali pale pale alipojificha siku ya kwanza.

"Wewe ukienda, nani atasimama katikati?"

"Kevin yuko, Mama. Ni mwalimu mzuri."

"Kevin ni mtoto. Maneno yangu kwa mkwe wangu nimpe mtoto abebe?" Akakunja kitambaa chake mkononi, akakikunjua. "Hapana. Nafikiri tumalize pamoja, wewe na mimi. Nimecheza ya kutosha."

Kevin, usikasirike, hakuwa anakudharau. Kuna maneno ambayo mtu huyapa aliyeyazoea tu. Niliumia wiki nzima. Baba Nelly aliniuliza kama ni kustaafu kunanisumbua, nikasema ndiyo, kwa sababu kueleza kungechukua muda na chakula kilikuwa mezani.

Jumamosi ya mwisho mlikuwepo ninyi wawili. Kulikuwa na soda na keki, na hotuba ya mwenyekiti wa ukumbi ambayo ilikuwa ndefu kuliko tango. Nikaomba tufanye duara mara moja ya mwisho. Nilipiga kofi, wanaume wakasogea, nikapiga tena, na Wycliffe akafika kwa mama mkwe wake na kunyoosha mkono kuchukua ufagio. Nami nikajongea kuingia katikati kama kawaida. Mama Rispa akanionyesha kiganja.

"Leo usiingie, Mwarimu."

Akafungua mkoba wake akatoa leso ya kujifunga kiunoni. Ilikuwa mpya, haijavaliwa hata mara moja, imekakamaa kwa wanga wa dukani na bado ina mikunjo ya kiwandani. Akaikunjua, akashika pembe mbili, na zile mbili nyingine akazinyoosha mbele, macho yake dirishani.

"Mwalimu," Wycliffe akaniuliza kwa sauti ya chini, "mama anasema nini?"

"Anasema ushike leso."

Alichelewa kidogo. Alifuta viganja kwenye suruali, akageuza uso upande wake, akashika zile pembe mbili. Kitambaa kikakazika katikati yao. Nikaweka walzi ya polepole, na wakaondoka.

Ninyi mlitazama miguu, kama walimu wapya wote. Mimi nilitazama leso. Mwongozo wote wa dansi ulikuwa unapita ndani yake: Wycliffe angevuta, ingemyumbisha mama, angelegeza, ingelala. Haikulala wala haikuvutwa. Alipogeuka, mama alijua kwamba anageuka, na alipopunguza mwendo kwa sababu ya lile goti la mama hakuna aliyehitaji kumwambia. Walizunguka ukumbi mzima hivyo, hawajagusana wala kutazamana, na katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuona walzi sahihi kuliko hiyo. Nililia. Sharon ulinipa kitambaa ukaniambia kustaafu si mwisho wa maisha, nami nikakushukuru, kwa sababu haukuwa wakati wa kukusahihisha.

Muziki ulipokwisha, Mama Rispa aliachia pembe zake kwanza. Wycliffe akabaki na leso yote mikononi. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akanipa mimi. Nami nikamgeukia Mama Rispa nikampa. Akatikisa kichwa.

"Hiyo mwambie ampelekee Mmbone. Na amwambie imetoka kwa dansi, si kwa mpira, na si kwa maombi." Akavuta pumzi. "Na umwambie Jumamosi nitakuja na ingine."

Wycliffe alikuwa amesimama hapo hapo, karibu kiasi cha kunusa wanga wa kile kitambaa. Alikuwa amesikia kila neno. Lakini aliyaweka macho yake ukutani akasubiri, mpaka nilipomgeukia nikamwambia.